Mjukuu wangu analia kila jioni, nikataja majina ya ukoo wote isipokuwa moja

Wakuu, marahaba. Najua humu karibu wote mngeniamkia, basi nimepokea.

Naandika kwa kidole kimoja na darasa nililosoma ni la kisomo cha watu wazima, mnivumilie. Lakini haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa Tinde, na mashahidi wapo hai.

Mwanangu Masanja yuko Geita kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu. Mkewe, Happiness, alijifungua binti, nikawaleta wote wawili kwangu niwalee. Mtoto anaitwa Ester.

Mchana Ester ni malaika. Ananyonya, analala.

Jua likianza kuzama tu, anaanza. Analia mpaka anakuwa mwekundu, miguu anaikunja tumboni. Ukimpa ziwa analitema. Ikifika saa mbili, saa tatu usiku, ananyamaza mwenyewe kama hakuna kilichotokea.

Masanja akipiga simu anacheka, "Mama, huyo kaingia shifti ya jioni!"

Nikamwambia njoo uisimamie hiyo shifti.

Siku ya nne sikuweza tena kukaa. Nazunguka uani, narudi ndani, natoka. Ikifika saa kumi naanza kulitazama jua kabla hata mtoto hajalia.

Sasa wakuu, sisi Wasukuma mtoto akilia hivyo tunasema analilia jina. Kuna mzee aliyetangulia anataka kuitwa. Unambeba mtoto unataja, akinyamaza kwenye jina fulani, ndilo lake.

Na kwa majina mimi sina mpinzani. Nikaanza. Nkwimba, mama yangu. Luhende, babu. Holo. Sitta aliyekufa kwa nyoka. Ng'washi na wadogo zake wote watano.

Nikafika kwa Minza, shangazi yangu. Kimya!

Jirani yangu Mama Limi akapiga kigelegele, na mimi nikapiga. Mtoto akashtuka, akalia kuliko siku zote. Nilipomtaja Minza tena ndiyo kwanza akazidisha.

Jioni tatu niliimba majina, na majirani wakawa wanakuja kusikiliza. Hakuna.

Jioni iliyofuata Mama Limi akaja na kikombe cha mizizi aliyochemsha.

"Hili ni chango. Kijiko kimoja tu, atalala."

Happiness akasema, "Mama, nesi alisema maziwa yangu tu, hata maji asipewe."

"Nesi mwenyewe kazaa wangapi?" Mama Limi akamjibu.

Mimi nilishashika kikombe, wakuu. Sitawadanganya. Kijiko nilikuwa nacho mkononi.

Happiness akamtazama mtoto, akakaa chini pale pale mlangoni. Akasema, "Haya mpeni. Nimechoka. Mpeni tu anyamaze."

Mkono wangu ukakataa.

Maana maneno hayo niliyasema mimi. Hayo hayo, nikiwa na umri kama wake. Mwanangu wa kwanza aliitwa Mhoja, alikuwa analia jioni kama huyu. Nikaletewa kikombe, nikasema mpeni tu anyamaze.

Akanyamaza. Hakuamka.

Kama ni dawa au alikuwa mgonjwa tayari, sijui mpaka leo. Hospitali hatukufika.

Nikamwaga kile kikombe mchangani. Mama Limi akachukua kikombe chake, "Utanitafuta wewe!" akaondoka.

Nikamweleza Happiness habari za Mhoja huku Ester analia mikononi mwangu. Hata Masanja alikuwa hajui kwamba ana kaka. Happiness akanishika kanga.

Halafu nikamwambia, "Nenda mpaka zizini, mbali, usimsikie. Mimi nipo. Nikichoka nitakuita." Akaenda. Alirudi kanawa uso.

Asubuhi tukaenda zahanati. Nesi akampima, uzito umepanda, homa hana. Akasema watoto wengi wachanga hulia hivyo jioni, na hali hiyo hupita ndani ya miezi michache. Ila akipata homa, akitapika sana au akikataa kunyonya kutwa, tukimbie kwake. Na siku mikono ikianza kututetemeka kwa hasira, tumlaze chali mahali salama, tutoke nje tupumue kwanza.

Basi sasa tunapokezana. Mimi nambeba nikizunguka uani, Happiness anakwenda zizini. Kisha anarudi, naenda mimi. Mama Limi salamu zake bado za kununa, lakini jana kaleta maziwa ya mgando.

Mtoto bado analia. Sikuja kuwaambia kaacha.

Nilichojifunza: mtoto akilia, mtazameni na mama yake. Yule aliyechoka ndiye anayesema mpeni.

Na majina bado nataja nikimbeba, nimeshazoea. Zamani kila nikihesabu ukoo nilimruka Mhoja. Sasa naanza na yeye.

Nyie kwenu jioni mlizivukaje? Semeni, nitasoma nikirudi. Jua linazama, na huyo ameshaanza.