Akitimiza Saba

Shemeji alisema dukani, mbele ya wateja: "Akitimiza saba, anapanda Marangu kwa bibi yake. Mtoto ni wa ukoo." Akaondoka. Dada yangu akaendelea kukata kitenge, ila alikikata upogo.

Mpwa wangu alikuwa na miaka sita na miezi minane. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, namsaidia dada kuuza vitenge Kariakoo, na nina kipaji cha kuyaona mabaya kabla hayajafika. Nikafungua Sheria ya Ndoa kwenye simu. Nikakuta kwamba mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama yake. Kumbe shemeji yuko sahihi! Tumebakiwa na miezi minne.

"Kesho mahakamani," nilimwambia dada.

Hakubisha. Ndoa ilikuwa imekufa zamani. Wazee wa pande zote walishakaa, wakanywa mbege, wakaandika muhtasari kwamba wawili hawa wameshindwana. Tuliubeba ule muhtasari ndani ya bahasha ngumu, usikunjike.

Karani aliusoma wote, hata sehemu ya mbuzi wa mahari. "Mmeandika vizuri," alisema. "Lakini hawa ni wajomba na baba wadogo. Mahakama inataka hati ya baraza la usuluhishi la ndoa. Anzeni kata."

Dada akanigeukia. "Si ulisema umesoma?"

"Nilisoma ya watoto."

"Msomi wangu wee!"

Katika ofisi ya kata yetu pale Mchafukoge, mjumbe wa baraza alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," na kabla hajamaliza marahaba nikammiminia hofu zangu zote.

"Mwanangu, pumua," alisema. "Nani kakwambia siku ya keki ndiyo siku ya kumkabidhi mtoto kwa baba?"

Akaeleza polepole. Ile saba ni ya kumkinga mtoto mdogo. Akiivuka, haendi kwa baba moja kwa moja. Hakimu anatazama maslahi yake: nani anamlea, anasoma wapi, naye akiweza kujieleza, anasikilizwa. Mahari hainunui mtoto. Na baba naye habaki mtu wa kando. Kumwona mwanawe na kumtunza viko palepale.

Nilitamani kumkumbatia! Nilimwomba arudie, nikaandika, nikamwomba arudie tena.

"Huyu ndiye anayeachika?" akamuuliza dada.

"Hapana, mama, ni mdogo wangu. Ndivyo alivyo."

Baraza lilimwita shemeji, likajaribu kuwapatanisha, likashindwa, likatoa hati. Kesi ilikwenda taratibu. Mpwa wangu akatimiza saba katikati yake, nami sikula keki. Hakimu alizungumza naye ofisini kwake. Mtoto alitoka akirukaruka, akatuambia amesema anataka kubaki na mama na shule yake, na baba aje Jumapili.

Siku ya hukumu nilishika mkono wa dada hadi akaninong'oneza, "Unaniumiza." Hakimu alivunja ndoa, akaamuru mtoto akae na mama. Baba amwone Jumapili, likizo ya Desemba ampeleke Marangu, amrudishe kabla shule hazijafunguliwa.

Nje, shemeji alisimama mbele yetu. Nikajiandaa kwa ugomvi.

"Kule mlimani usiku ni baridi hata Desemba," alimwambia dada. "Umwekee sweta."

"Nitamwekea mawili," dada akajibu.

Nilipiga kelele ya furaha mpaka askari wa mlangoni akageuka.