Mama Hajira na Jina la Sekiondo

Mama Hajira Sadala analima ufuta na mahindi Misima, wilayani Handeni, na kwenye harusi na misiba ya pale kijijini sufuria kubwa hazipandi jikoni mpaka yeye afike. Hayo ndiyo maisha yake, na hakuna gazeti lililowahi kumwandika. Mimi namwandika kwa sababu mwaka jana, kwenye milima ya Dindira, nilimwona akifanyiwa dharau ambayo mpaka leo inanichoma, na nilimwona akiikataa.

Alikuja Dindira kuwapikia watu wa filamu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, nikapata kibarua cha kutunza mavazi ya waigizaji. Mwongozaji alikuwa Habakuki, Msambaa mzaliwa wa palepale Dindira, aliyesomea mambo ya filamu Dar es Salaam. Filamu ilihusu vita vya Wazigua wa zamani dhidi ya watekaji waliokuja kuwinda watu wa kwenda kuwauza pwani. Nilipolisikia wazo hilo nilifurahi sana. Nimesoma historia miaka yangu yote ya chuo, na nilitoka nikivijua vita vya mataifa ya mbali kuliko vita vya kwetu.

Furaha yangu haikumaliza siku moja. Habakuki alikuwa na filamu ya Wazungu kwenye kompyuta yake, inayohusu vita vya Waskoti wa karne za kati, na hiyo ndiyo iliyokuwa mwalimu wake. Kila tulipomaliza kula aliwaonyesha waigizaji vipande vyake: wanaume wenye nywele ndefu na sketi za mirabaraba, nyuso zimepakwa rangi ya buluu, wanakimbia bondeni wakipiga kelele. "Hivyo ndivyo ninavyotaka," alisema. "Hivyo hivyo."

Basi Wazigua wakapakwa buluu. Watu waliopigana nyikani, kwenye miiba na vumbi, wakahamishiwa kwenye ukungu, katikati ya mashamba ya chai, na chai yenyewe ililetwa na wakoloni vita hivyo vilipokwisha. Shujaa alitakiwa kupanda farasi. Farasi hakupatikana, akaletwa punda, na mpiga picha akaagizwa ahakikishe masikio hayaonekani.

Nilishindwa kunyamaza. "Kaka Habakuki, watazamaji watajua hapa si Uzigua. Chai inaonekana."

"Mdogo wangu," alinijibu, "hata hiyo ya Waskoti sehemu kubwa imepigwa Ayalandi. Hizo sketi Waskoti wamekuja kuzivaa miaka mia kadhaa baadaye. Hiyo buluu ni ya watu waliokufa miaka elfu moja kabla. Vita vya darajani vimepigwa bila daraja. Na tuzo wamechukua."

"Na sisi?"

"Na sisi vita vya mtoni tutavipiga bila mto. Kule mtoni kuna mamba. Utaingia wewe?"

Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hakuwa mjinga. Alilijua kila kosa la filamu ile, na badala ya kuyakwepa makosa hayo aliyachukua kama ruhusa.

Mama Hajira hakujali mambo hayo mwanzoni. Yeye alikuwa jikoni, na yeye na Habakuki walikuwa watani, kama Wazigua na Wasambaa walivyo tangu zamani. Asubuhi ilianza kwa kurushiana maneno.

"Mtani, wali wako una mawe. Umetuletea Handeni yote kwenye sufuria?"

"Kula ukae kimya. Nyie mmezoea kugombania majani na mbega huko juu ya miti."

"Ndiyo maana hatujawahi kulala njaa. Mzigua akiona mvua anakimbilia ndani, anadhani ni adui!"

Kambi nzima ilicheka, na mimi nilicheka. Utani ni kitu kizuri, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kujificha nyuma yake.

Siku moja mchana Mama Hajira alikuwa anapakua chakula karibu na mahali waigizaji walipokuwa wanajaribu maneno yao. Ramadhan, mwigizaji kutoka Dar aliyecheza kama shujaa, akapaza sauti: "Sekiondo! Umewauza watu wako kwa bunduki moja!"

Mwiko ukasimama hewani. Mama Hajira akamgeukia Loishiye, kijana wa Kimasai, mfugaji wa Handeni, aliyepewa nafasi ya msaliti.

"Loishiye, baba, amekuita nani?"

"Sekiondo, mama. Ndiye mimi. Nimeuza kijiji chote." Loishiye akacheka. "Hata wewe nilikupeleka sokoni, wakasema umezidi maneno, wakakurudisha."

"Sekiondo wa wapi?"

"Wa Mnyuzi, kwenye kivuko. Habakuki anasema alikuwepo kweli."

Alikuwepo. Sekiondo ni baba wa babu yake Mama Hajira. Ukoo wake unasimulia kwamba watekaji walipofika Mnyuzi, Sekiondo alibaki kivukoni na wanaume wachache, akawazuia mpaka wanawake na watoto walipovuka mto. Hakuonekana tena. Waliovuka ndio waliokwenda kuanza maisha mapya Misima, na mpaka leo ukoo ukifanya kisomo cha kuwarehemu wazee, jina lake hutajwa la kwanza. Habakuki alilisikia jina hilo Mnyuzi alipokuwa anatafuta habari za filamu. Shujaa wake alikuwa amemtunga mwenyewe, akawa anahitaji msaliti, na Sekiondo likamkaa vizuri mdomoni. Hakuna sababu nyingine. Nilimwuliza baadaye, akaniambia hivyo bila haya.

Mama Hajira aliacha chakula akamfuata Habakuki. "Habakuki, litoe jina la babu yangu humo, la sivyo nakuzika hapahapa."

Watu wakaangua kicheko.

"Mtani kaamka leo!" alisema Habakuki. "Kumbe nyie ndio wauza watu? Ungesema mapema, ningekuuliza bei."

"Sitanii."

"Mmesikia? Eti hatanii! Na ukisema unanizika, nani atalia, si wewe mwenyewe?"

"Nimesema sitanii, Habakuki. Yule mtu alikufa kivukoni. Hakuuza mtu."

Kadiri sauti yake ilivyopanda ndivyo walivyocheka. Kisha nikamwona Habakuki akimpa ishara mpiga picha, na kamera ikageuzwa usoni kwa Mama Hajira. "Hasira safi kabisa hiyo," alisema. "Tutaiweka. Mwanamke wa kijijini anamlaani msaliti."

Mama Hajira alijifunika uso kwa khanga. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kakasirika! Faini!" Wengine wakadakia, "Kuku! Kuku!" Maana ndiyo desturi: anayeukasirikia utani amekosa, na hutozwa. Akinyamaza, jina la babu yake linaharibiwa. Akisema, anachekwa. Akikasirika, analipa. Mimi, pamoja na shahada yangu, nilisimama na mavazi mkononi, nimejaa hasira na sijui la kufanya.

Jioni nilimwambia, "Mama, ondoka. Waache na filamu yao."

"Nikiondoka mimi, jina linabaki," alinijibu, akaendelea kusugua sufuria.

Asubuhi alirudi kutoka kijijini akiwa na jogoo mkubwa kwapani. Akapita katikati ya watu, akamweka jogoo mbele ya Habakuki, miguu imefungwa.

"Faini yenu hii. Nimelipa, sijalipa?"

"Umelipa, mtani wangu! Leo tunakula—"

"Basi tumemaliza. Kuanzia sasa usiniite mtani. Kwa umri huu mimi ni mama yako. Nisalimie."

Habakuki akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa kaa tuzungumze."

Akakaa, nasi tukasogea. Habakuki alianza kwa sauti ya upole. "Mama, ni filamu tu. Hata kwenye ile ya Waskoti, mfalme wao mkubwa wamemfanya amsaliti shujaa vitani, na historia haisemi hivyo. Watu wake wamevumilia."

"Huyo mfalme watu wake wanamkumbuka kwa nini kingine?"

Nikajibu mimi. Nilisema ana sanamu, ana vitabu vingi, na picha yake imewahi kuwekwa hata kwenye noti.

"Unaona," alisema Mama Hajira. "Mjukuu wake akidanganywa na filamu, akitoka nje anamkuta babu yake amesimama. Wajukuu wangu watamkuta wapi Sekiondo? Hana sanamu. Hana kitabu. Ana sisi tu. Na hao watoto wataiona filamu yako kwenye simu kabla hawajakaa na mimi nikawasimulia."

"Lakini msaliti lazima awe na jina, mama. Bila jina haumi."

"Kumbe unajua kwamba linauma. Basi weka la babu yako."

"Babu yangu yupi?"

"Shemkole," aliendelea Mama Hajira. "Aliyewachimbia watu mfereji wa maji hapa Dindira. Si ulinisimulia mwenyewe, tena kwa maringo? Na yeye alikuwepo kweli. Mweke."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Nadhani ni kiburi kilichomponza. "Haya," alisema akiinuka. "Jina ni jina. Loishiye, leo wewe ni Shemkole. Jipangeni."

Wapiganaji wa ile filamu, ukimwacha Loishiye na wachache wengine, walikuwa wanaume wa Dindira waliochukuliwa mashambani. Miongoni mwao alikuwamo Mzee Sabiri, baba mdogo wa Habakuki, na mkuki wake na uso wake wa buluu. Kamera ikawashwa. Ramadhan akanyoosha mkono na kupaza sauti: "Shemkole! Umewauza watu wako kwa bunduki moja!"

Mzee Sabiri akatoka kwenye mstari.

"Nani kauza watu?"

"Baba mdogo, rudi kwenye nafasi yako. Ni maigizo."

"Nimekuuliza nani. Mimi mtoto wa Shemkole. Wewe mjukuu wake. Mama yako anamwagilia kwa maji ya mfereji wake mpaka leo."

"Ni mfano tu, baba mdogo."

"Mfano! Sisi si watani wako, Habakuki."

Akautupa mkuki chini, akainua pindo la shati akaanza kujifuta uso. Jirani yake naye akatupa wake. Halafu mwingine. Muda mfupi tu lile jeshi la Kizigua lilikuwa wakulima wa Dindira waliosimama kwenye chai na nyuso zilizochafuka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheka.

"Zima," Habakuki alimwambia mpiga picha. Akamgeukia Mama Hajira.

"Umelisikia linavyosikika?" aliuliza Mama Hajira.

"Nimelisikia, mama."

"Basi yatoe yote mawili. Na picha yangu ifutwe, nikiona."

Ikafutwa akiona. Mzee Sabiri alirudi kwenye mstari baada ya kuombwa radhi, na wengine wakamfuata. Filamu haikugeuka kuwa ya kweli kwa sababu hiyo. Buluu ilipakwa upya, punda alirudishwa, mto haukuletwa, na Sekiondo aliyebaki kivukoni hamo kabisa, jambo ambalo bado nalihesabu kuwa ni dhuluma. Lakini msaliti alibaki bila jina. Ramadhan aliagizwa aseme, "Wewe uliyetuuza," basi.

Mama Hajira hakurudi jikoni mchana ule. Alivuta kiti cha mpiga picha, akakaa nyuma ya kamera, mikono kifuani, akasikiliza kila waliporudia. Mara moja ulimi wa Ramadhan uliteleza, akaanza, "Seki—", macho yake yakakutana na ya mama, akalimeza neno.

"Anza tena," alisema Mama Hajira kabla Habakuki hajafungua mdomo. Wakaanza tena.