Ribiti za Ubavu wa Kulia

Mama alizunguka gari mara moja tu, akaweka kidole ubavuni na kuuliza, "Hizi mbona zina tundu la pua?"

Alikuwa anasema ribiti, vile vijisumari vinavyoshikilia bati. Gari lenyewe ni pikapu ya marehemu baba, ndiyo iliyomtoa mama kwao Mvumi siku alipoolewa. Jumamosi ile mjukuu wake naye alikuwa anaolewa, na mama alishatangaza kwamba yeye ndiye atakayempeleka kanisani, wamekaa kiti kilekile. Sharti lake moja: gari liwe kama lilivyokuwa. Ubavu wa kushoto ulikuwa bado na mkanda wake wa aluminiamu. Wa kulia ulikuwa umebanduka, nao fundi bodi wangu wa Kizota alikuwa ameurudisha kwa ribiti za kisasa, zile za kufyatua, zenye tundu katikati.

"Mama yako hasomi Biblia bila miwani," fundi alininong'oneza. "Pua kazionaje?"

"Nimesikia," mama akasema. "Simpeleki bibi harusi kwenye gari lenye mapua. Nitapanda bajaji."

Ilikuwa Jumanne. Nikahesabu ribiti kuanzia mbele, zikaja ishirini na mbili. Nikahesabu kuanzia nyuma, ishirini na mbili. Mimi sinunui hata vitumbua bila kuhesabu mara mbili, na wauzaji wa Dodoma wananijua.

Nilipita maduka manne ya vifaa. Yote yalikuwa na mapua. Kijana wa duka la nne aliniambia ribiti nzima za kugonga kwa nyundo labda niagize nje, wiki tatu. Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu, nikaona ribiti moja safi kabisa kwenye mlango wa basi.

"Hiyo haing'oki," mwenye mali akasema. "Ukiitaka, nunua mlango."

"Na nikinunua mlango, basi lenyewe utanipa nyongeza?"

Tuliachana kwa amani.

Jioni, nyumbani, nilikuwa najimiminia chai nikatazama mkono wa sufuria. Ulishikwa na ribiti mbili, vichwa vya mviringo, bila tundu. Sufuria ina mikono miwili, kwa hiyo ribiti nne. Tuna sufuria sita. Nilikuwa naanza kuhesabu mara ya pili mke wangu alipotokea mlangoni.

"Sufuria zangu hizo, usithubutu. Nenda kwa yule mama Mhehe pale Majengo aliyezipigia mikono."

Hapo ndipo nilipoanza kuona tabu. Sisi Wagogo na Wahehe ni watani tangu babu zetu, na wao hututania kwamba sisi ni ombaomba. Mtani anaweza kukutukana msibani ukacheka, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Lakini biashara na mtani ni kazi.

Nilimkuta pembeni mwa soko, katikati ya sufuria zisizo na mikono, kopo la ribiti liko miguuni. Nikaokota moja, nikaigeuza, nikakunja uso kama ninavyofanya siku zote.

"Hii si imepinda hii?"

"Kilichopinda ni shingo yako, we Mgogo. Weka chini. Mgogo ananunua tangu lini?"

"Nataka ishirini na mbili. Taja bei."

"Siuzi. Omba."

"Mtani, taja bei."

"Bei ndiyo hiyo. Nyoosha mkono useme naomba, kama kwenu."

Muuza nyanya wa jirani alishaacha kupanga mafungu yake ili asikilize vizuri. Nimepunguza bei katika soko lile tangu ndevu zangu ni nyeusi, lakini bure sijui unaipunguzaje. Akilini nikamwona mama kwenye bajaji, kitenge kikipepea, mjukuu kakunja shela magotini. Nikanyoosha mkono.

"Naomba."

Akachota gao zima la kiganja bila kuhesabu, akanimwagia kwenye leso. Nikahesabu palepale. Ishirini na tano. Nikarudia. Ishirini na tano. Nikamrudishia tatu.

"Niliomba ishirini na mbili."

"Jamani, Mgogo anarudisha! Njooni muone!"

Nikaondoka kichwa juu.

Ijumaa asubuhi fundi alianza kugonga, msaidizi wake akishika chuma kwa ndani ili ribiti isikimbie. Ribiti ya ishirini na mbili ilipokaa, puti ya zamani, ile rojo kavu ya kuzibia bodi, iliyoziba mwisho wa mkanda, karibu na taa ya nyuma, ikapasuka na kuanguka. Chini yake kulikuwa na matundu mawili.

"Si ulihesabu mara mbili, mzee?" fundi akauliza kwa heshima mbaya sana.

"Nilihesabu."

"Upande gani?"

Sote wawili tukageuka kutazama ubavu wa kushoto, uliokuwa umekaa pale wiki nzima na ribiti zake zote ishirini na nne.

"Tuweke za pua hizo mbili," akasema. "Ziko nyuma kabisa."

Nilifikiria. Halafu nikafikiria kile kidole cha mama.

Mhehe aliniona tangu mbali, akafunika kopo kwa kanga.

"Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuomba."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Sema kwa sauti, mwenye nyanya hajasikia."

Nikasema kwa sauti. Akanipa tatu.

"Ya tatu ya nini?"

"Ya kukupunguzia safari. Hesabu yako sasa naijua."

Safari hii sikurudisha kitu.

Jumamosi mama alitoka amevaa, akaenda moja kwa moja ubavu wa kulia. Kidole chake kilipita ribiti moja moja kutoka mbele hadi kwenye taa, midomo ikicheza. Akazunguka, akafanya hivyohivyo ubavu wa kushoto. Wapambe walikuwa wanatazama saa.

"Ishirini na nne huku, ishirini na nne kule," akasema, akafungua mlango mwenyewe. "Haya, bibi harusi apande."

Niliwasha gari. Ile ya tatu ilikuwa mfukoni, inanichoma paja.