Onyo Lililozimwa

Kazini walimwita Ramani, maana hakuna aliyejua kama yeye mpangilio wa kumbukumbu ya mashine zao: kipande gani cha programu kinakaa wapi, kinaanzia anwani ipi, kinaishia ipi. Miaka kumi na miwili alikuwa akitunza kiini cha mfumo unaoendesha pampu za kudondoshea dawa wodini.

Asubuhi moja ililetwa pampu ndani ya mfuko wa plastiki. Dawa ya kushikilia presha ilikwama, kengele haikulia, na bibi mmoja akakata roho kitandani huku binti yake amekaa kando, akidhani mama kapitiwa na usingizi.

Ramani akakifungua kiini, akaanza kupima kipande kimoja kimoja. Siku ya tatu akaona. Toleo baada ya toleo, maagizo ya programu yalikuwa yamenenepa hadi yakavuka mpaka wake na kuingia eneo la data. Kila mashine ilipowashwa, data iliandikwa juu ya mkia wa maagizo, na mkia huo ndio uliobeba kengele. Ndiyo maana majaribio yote yalipita. Pampu ilidondosha vizuri tu, na hakuna aliyerudia kuipima kengele.

Lakini programu inayounganisha vipande hutoa onyo vinapopandana. Onyo gani hili ambalo hakuna aliyeliona? Akapekua orodha ya mabadiliko yaliyowahi kufanywa kwenye programu. Lilizimwa miaka sita nyuma. Jina la aliyelizima lilikuwa lake, na maneno yalikuwa yake: "Kelele tupu. Nitalirudia."

Akaandika taarifa ya yote aliyoyaona, na jina lake akaliweka humo.

Mkuu wake, mama wa makamo, aliisoma taarifa akavua miwani. "Andika kasoro ya programu, kaka, inatosha. Jina la nini? Yaliyopita si ndwele."

"Wenye msiba hayajawapita, dada."

Jina akaliacha. Akasogeza mpaka, akaliwasha onyo, akahakikisha kengele inalia. Wiki iliyofuata akapewa barua ya kusimamishwa kazi. Mkewe aliisoma mara mbili, akaikunja. "Na sisi je, ulitufikiria?"

Akaenda kwa binti wa marehemu, akaeleza yote akiwa amesimama mlangoni. Binti hakupaza sauti.

"Kengele ingelia, tungekuwa na muda gani?"

"Dakika kumi hivi."

"Muuguzi alikuwa chumba cha pili," binti akasema. "Nami nilikuwa nimemshika mama mkono."

Akaurudisha mlango polepole. Ramani akasikia komeo likiingia.