Nilikata Wanga, Nikapelekwa Hospitali kwa Gia ya Kwanza

Mwanafunzi wangu wa siku ya nne ndiye aliyenipeleka hospitali, akiendesha mwenyewe, kwa gia ya kwanza mwanzo mwisho.

Gia ya pili tulikuwa hatujaifikia.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na mitatu nakaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya ziada, nikiwafundisha watu wasiue wenzao. Ni kazi ya kukaa, na kukaa kukanizalia kitambi.

Sikuwa na shida nacho. Mpaka siku bosi alipotangaza kwamba shule inaweka bango jipya barabarani, na sura itakayokaa hapo ni yangu. Mpiga picha angekuja baada ya mwezi.

Nikaenda kujitazama kwenye kioo cha ubavuni mwa gari. Kile kioo kimewekwa kwa ajili ya kuona malori, na siku hiyo kilifanya kazi yake.

Sasa pale shuleni kuna mshikaji wangu, fundi wa magari, alikuwa amepungua mpaka suruali anaifunga kwa kamba. Nikamuuliza siri. Akasema amekata wanga: hagusi wali, mkate, viazi wala sukari. Akaanza kunieleza habari za mafuta, kwamba ukipunguza wanga basi mafuta inabidi...

Sikumngoja amalize. Nilichokitaka nilikuwa nimeshakisikia.

Kwa akili zangu nikaona hivi: kama kukata wanga kunapunguza mwili, kukata wanga pamoja na mafuta kutapunguza mara mbili. Nikashangaa wataalamu wote hawajaliona hilo.

Basi nikaanza. Asubuhi ute wa mayai sita, viini natupa. Mchana kifua cha kuku bila ngozi, cha kuchemsha, kikavu kama soksi iliyosahaulika kambani. Jioni kuku yuleyule, au ndugu yake. Pembeni tango.

Nyumbani nikageuka mhubiri. Mke wangu akipakua wali, namtazama kama anayepakua baruti. Mama yangu mzazi, ambaye anaishi nasi tangu baba afariki, alikuwa ananisikiliza kimya. Nikiulizwa kulikoni, najibu ni afya tu.

Ningesemaje? Kwamba baba wa watoto watatu anataka kupendeza kwenye bango?

Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu. Tumbo likanywea, kichwa kikavimba.

Wiki ya pili ndiyo ilinionyesha cha moto. Kichwa kinagonga. Choo kimegoma. Nimeshiba kuku hadi kooni, lakini njaa iko palepale, inanisubiri. Na hasira sasa. Nilimfokea mwanafunzi kwa kuwasha indiketa, na alikuwa ameiwasha sawasawa.

Siku yenyewe nilikuwa na mama mmoja fundi cherehani, mpole, anayeshika usukani kama ameshika hariri ya mtu. Niko namweleza habari ya klachi, mara nikaona barabara zimekuwa mbili.

Nikamwambia afuate ya kulia.

Akanijibu kwa adabu kwamba barabara ni moja, mwalimu.

Kuanzia hapo mengine nimesimuliwa. Aliniita, nikaitika kama mtu aliye ndani ya kisima. Jasho linanitoka, midomo imekuwa myeupe. Mwingine angeacha gari katikati ya barabara akapiga yowe. Yeye akawasha taa za hatari, akaendelea na gia aliyokuwa anaijua. Kilomita tatu. Injini inalia, msururu mzima nyuma yetu unapiga honi. Anasema kuna muuza maziwa mwenye baiskeli alitupita, akatusalimia.

Hospitali wakanilaza, wakanitundikia dripu, wakapima damu. Baadaye akaja mtaalamu wa lishe, binti mtulivu mwenye daftari. Akaniomba nimtajie kila ninachokula.

Nikamtajia kwa fahari kabisa. Nilidhani ataniomba nije kuwafundisha wengine.

Kalamu yake ikasimama.

"Mafuta yako wapi?"

Nikamwambia hayo nayo nimeyakata.

"Sasa huo mwili unaendeshwa na nini?"

 Mwalimu wa udereva nimeulizwa gari linakwenda kwa kutumia nini, nimekosa jibu.

Akanieleza taratibu. Nguvu za kutembelea, mwili unazitoa kwenye wanga na mafuta. Protini kazi yake kubwa ni kujenga na kukarabati. Ukipunguza wanga, mafuta ndiyo yabebe mzigo. Mimi nilikuwa nimeufungia mwili milango yote miwili, halafu nikawa naurushia kuku dirishani. Tena wanga ukipungua ghafla mwili unamwaga maji na chumvi nyingi, ndiyo sababu ya kile kizunguzungu.

Akanichorea sahani. Nusu yake mboga, zipikwe kwa mafuta. Nyama au samaki kiasi cha kiganja, siyo kuku mzima. Yai liliwe na kiini chake. Parachichi, au konzi ya karanga. Na wanga usifukuzwe wote. Mtu kama mimi anayeanza abaki na kiasi kidogo, kisha tupime tunavyokwenda.

Nilikuwa naitikia tu, nimenywea. Kisha akaniuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani anayekula hivi.

Nikasema hakuna.

Halafu nikaketi wima.

Mama. Kwa siku tano alikuwa anasukuma wali pembeni, anasema ameshiba, anachota kwenye sufuria yangu. Nilidhani amempenda yule kuku. Hakuna binadamu angeweza kumpenda yule kuku.

"Mama yangu," nikasema. "Ana kisukari. Anatumia vidonge."

Akafunga daftari. Akasema kuna vidonge vinavyoshusha sukari, na mtu akiacha wanga huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi kumwangusha. Akaniambia nipige simu sasa hivi.

Simu ya mama iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mke wangu yuko kazini, mbali, na watoto wako shule.

Nikaomba wanitoe ile dripu iliyokuwa ukingoni. Nje, kwenye benchi, yule mama fundi cherehani alikuwa bado amekaa, kashika viatu vyangu mapajani.

Akanisikiliza, akasimama.

"Gia ya pili ikoje, mwalimu?"

"Kanyaga klachi, vuta nyuma."

Alijifunza ya pili na ya tatu kwa dakika kumi. Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yule, na sijawahi kumwogopa Mungu kama kwenye ile kona ya sokoni.

Mama tulimkuta jikoni, amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Nguo imelowa jasho, mikono inatetemeka. Akanitazama, akaniita kwa jina la marehemu baba.



Yule fundi cherehani akasema mama apewe sukari upesi, maadamu anaweza kumeza. Nikafungua kabati. Hakuna sukari. Hakuna asali. Hakuna hata biskuti ya mtoto.

Ndipo nilipokumbuka. Nilikuwa nimevikusanya vyote kwa mikono yangu, nikampelekea jirani, na juu yake nikamwachia hotuba kwamba nyumba yangu hailishwi sumu tena.

Nikatoka mbio na kikombe mkononi, nikamgongea.

"Jirani, naomba ile sumu."

Alinitazama usoni, hakucheka. Akaleta kopo zima.

Tukamnywesha mama maji ya sukari, funda kwa funda. Baada ya muda mikono ikatulia. Akanitazama tena, safari hii akaniita jina langu, akauliza mbona nina plasta mkononi.

Tukarudi naye hospitali. Walimpima, wakamweka hadi asubuhi, daktari akapanga upya vidonge vyake na chakula chake.

Jioni ile nikakaa kando ya kitanda. Nikamuuliza kwa nini alifuata mambo yangu bila kusema, wakati yeye ana utaratibu wake wa miaka yote. Mama wa watu hakuwa hata na kitambi.

"Mtu mzima haachi mkate ghafla bila daktari kumwambia jambo," akasema. "Nikajua umeupata ugonjwa wangu, unaona haya kuniambia. Nikasema, mwanangu hatakula peke yake."

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamweleza yote. Bango, mpiga picha, kioo cha gari. Kila neno lilikuwa linanitoka kama jino.

Akainuka kwenye mto.

"Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi, mama."

Akafunika uso kwa khanga, akalia. Siku zote hizo tano alikuwa akiniombea nisipate mateso aliyoyapata yeye, huku akimtafuna yule kuku mkavu ili nisijione mpweke. Na mimi nilikuwa nawaza kidevu kitatokaje kwenye picha.

Leo nakula kama nilivyochorewa. Mboga zina mafuta, yai lina kiini, viazi viwili vidogo mchana. Napungua polepole, na hasira zimekwisha. Mama ana sahani yake aliyopangiwa na daktari wake, na nimekoma kuhubiri mezani.

Funzo nililolinunua kwa aibu nakupa bure. Chakula kina mizani yake, muulize anayeijua, na ukimuuliza msikilize mpaka mwisho. Hasa kama kuna dawa ndani ya nyumba.

Na ukibadilisha unachokula, waambie wanaokula nawe sababu, hata kama ni sababu ya kijinga. Usipowaambia wataitafuta wenyewe, na anayekupenda huanza kuitafuta kwenye mabaya.