Mafuta kwenye Glavu

Mmarekani aliyenifundisha upya kudaka mpira hapa Durban alikuwa kipa mstaafu mwenye bega bovu. Alicheza soka ya kulipwa kwao kwa miaka mingi, na karibu yote aliicheza akiwa amekaa. Mwenyewe ndivyo alivyosimulia: kipa wa akiba, mji huu, mji ule, akimwombea kipa wa kwanza afya njema na hapohapo akimwombea aumie. Mke wake alipata kazi ya kufundisha chuo kikuu kule Westville, naye akamfuata. Kwa kuwa kukaa nyumbani kulimshinda, alitukusanya makipa wachache kwenye uwanja wa chuo akawa anatufundisha bure.

Mimi nilikuwa napakua mizigo kwenye ghala moja la Mobeni. Congo nilidaka ligi ya juu, mpaka vita vikatutoa. Nilikuwa na umri ambao kwa kipa ni ujana bado, na kwa mkimbizi ni uzee.

Yule mzee alikuwa na amri moja asiyochoka kuirudia: viganja vya glavu visiguswe na kitu chochote ila maji na mpira. Aliyekula chipsi akiwa na glavu mkononi alirudishwa nyumbani. Alisema mpira unashikwa na kile kimpira laini cha kiganjani, na kikishaharibika, hata uwe na mikono ya simba, unadaka upepo.

Siku moja akanipatia majaribio kwenye timu ya kulipwa ya hapa mjini. Walitaka kipa mmoja tu, na tungeshindana wawili. Nikipita, nitasaini mkataba na kurudi kuwa yule mtu niliyekuwa. Nikishindwa, ni ghala mpaka mgongo ukatike, maana nani angemwita tena kipa wa umri wangu? Usingizi ukanipotea. Nikamwambia mke wangu kwamba naogopa.

Mke wangu anasuka nywele saluni, na asubuhi kabla ya kufungua hupitia kanisani kwenye maombi. Sisi hatupeleki kitu mbele ya hatari bila kukipaka mafuta yaliyoombewa. Tunapaka karatasi za ukimbizi, funguo za gari, mlango wa nyumba mpya, tumbo la mwenye mimba. Asicheke mtu. Mimi mwenyewe kibali changu kilipakwa, na kilipita.

Asubuhi ya majaribio nilifungua mfuko kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikaona viganja vya glavu vinang'aa. Nikavigusa. Nikavinusa. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mke wangu, nao ulijaa furaha.

"Papa, usiogope. Nilipeleka gants yako ku maombi. Pasta alipakaa mafuta vidole yote, na miye nikaongeza. Leo mupira haitapita."

Nilikimbilia bomba. Nikasugua kwa sabuni, utelezi ukazidi. Nikasugua kwa mchanga, nikapangusa kwa taulo, kwa fulana, kwa soksi. Nilimwomba kipa mwenzangu glavu zake za ziada, akanitazama kama mtu aliyeombwa mswaki. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa mpaka filimbi ikaniita.

Mashuti ya mwanzo niliyazuia kwa kifua na miguu. Kisha ikaja krosi ya juu, laini, ya kumpa mtoto. Niliruka, nikaufikia mbele ya kila mtu, nikaushika kwa mikono miwili, nao ukatoka katikati ya mikono yangu kama sabuni ya kuogea na kuangukia mguuni mwa mshambuliaji. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, lakini nyani hakupakwa mafuta na mkewe.

Krosi ya pili ikawa vilevile. Kocha wa timu akageuka kuzungumza na msaidizi wake, na nilipouona mgongo wake nikavua glavu, nikazitupa wavuni. Nikadaka mikono mitupu. Niliokoa shuti moja, nikaokoa jingine, na la tatu likanivunja kidole cha pete. Nilisikia mlio wake. Nikabaki golini nikilia kwa uchungu na hasira, hadi waliponitoa.

Mmarekani aliokota glavu zangu, akazinusa, akaniuliza ni nani aliyezipaka mafuta. Nikamwambia. Hakucheka wala hakufoka. Akaniweka garini kunipeleka kliniki, na tukiwa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, akanisimulia msimu pekee aliokuwa kipa wa kwanza. Mechi ya mwisho beki wake alimpigia kelele kwamba mpira ni wake, yeye akauacha, beki akaukosa, wakafungwa. Aliwaambia waandishi wote kosa lilikuwa la nani. Yule beki hakupangwa tena, wala hakumsalimia tena.

"Nilikuwa nimesema kweli," aliniambia. "Na katika soka yangu yote, ndicho kitu pekee nilichobaki nacho."

Nilikuwa na hasira na mke wangu kuliko nilivyowahi kuwa na mtu yeyote, hata wale waliotufukuza kwetu. Njia nzima nilikuwa naipanga ile sentensi: wewe ndiye uliyeniua. Niliipanga kwa Kiswahili, nikaipanga kwa Kifaransa, nione ipi inakata zaidi.

Nilimkuta ameketi mezani na nguo za saluni. Alikuwa hajala tangu asubuhi, alikuwa amefunga kwa ajili yangu. Akaona bandeji, akaelewa.

"Ilienda aje, papa?"

Sentensi ilikuwa mdomoni. Nikasema yule mwingine alikuwa mzuri kuliko mimi.

Akafunika uso. "Ni imani yangu ilikuwa kidogo," akasema. "Mungu aliniangalia, akaona iko kidogo."

Hapo ndipo nilipokwama, na nimekwama mpaka leo. Nikinyamaza, anaamini Mungu alimkataa. Nikisema, atajua mikono yake ndiyo iliyonitoa golini. Nilimwambia imani yake ni kubwa, na sauti yangu haikuniridhisha hata mimi.

Bandeji ilipotolewa, kidole kilikuwa kimekaa upande, na hakikunjiki. Makreti ghalani nayabeba kwa vidole vinavyobaki. Jioni mke wangu akirudi kazini huketi karibu nami, hufungua ile chupa ndogo, hukiweka kidole kwenye mapaja yake na kukipaka polepole kutoka ukucha hadi shina, huku akiomba.

"Unasikia mafuta inafanya kazi?" huniuliza.

"Inafanya, mama," namwambia. "Ongeza kidogo."