Fundo la Blanketi

Enzi za Mwingereza nilifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao, juu ya Kimandolu, pale msitu wa Meru ulipoanzia. Injini ilizungusha mkanda mpana wa ngozi, mkanda ukazungusha msumeno wa duara, na sisi tukasukuma magogo kutwa nzima. Mwezi wa saba baridi ya mlimani ilikuwa haina adabu. Wazee wa Kiarusha tuliofanya nao kazi walikuja wamevaa mablanketi, fundo begani, na hivyo hivyo wakasimama kando ya mkanda.

Siku moja akaja mkaguzi wa serikali kutoka mjini. Alizunguka, akatazama, akaandika, halafu akamwambia mwenye kiwanda kwamba wafanyakazi wachague mwenzao mmoja wa kuangalia usalama. Wakanichagua mimi. Ningependa kusema ni kwa busara yangu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa mbishi, nina sauti kubwa, na nilijua kusoma. Nikapewa filimbi na kitambaa chekundu cha kufunga mkononi. Jioni ile niliteremka mpaka Ngarenaro bila shughuli yoyote, ili watu wakione tu kile kitambaa.

Amri ya kwanza niliyoachiwa ilikuwa hii: blanketi lisikaribie mkanda. Vijana tulitii. Wazee hawakuwa watu wa kupuuza hatari, maana kila injini ilipowashwa walizipandisha ndewe zao ndefu, zile nyama za sikio zilizotobolewa, wakazining'iniza juu ya masikio, bila kuambiwa na mtu. Lakini blanketi ni heshima ya mzee, na kijana hamvui mzee nguo.

Mkubwa wao alikuwa mzee aliyeongoza magogo kwenye msumeno, na hapo ndipo palipokuwa na shida yangu. Nilimpenda binti yake. Wazee wa kwetu walikwisha kwenda na asali na pombe, wakasema neno, naye akawajibu kwamba bado anafikiri. Nikimkemea mbele za watu, mke sina. Nikinyamaza, mkanda ungeweza kumchukua siku yoyote, nami ningekosa mke vilevile na kubaki na dhambi juu.

Nikamwendea kwa unyenyekevu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, hili blanketi na huu mkanda, mimi naogopa."

"Unaogopa wewe," alisema. "Fundo langu linajua kazi. Likivutwa kidogo tu linafunguka lenyewe. Nimelifunga hivi tangu hujazaliwa."

Akanigeuzia mgongo. Wenzangu walicheka mpaka wakaacha gogo katikati ya njia. Nilikasirika sana, na kama si yule binti, ningeipuliza filimbi sikioni mwa mzee.

Dawa niliipata Jumapili, nikitoka kanisani. Nilikutana na bibi mmoja amebeba kikapu cha ndizi. Sikufikiri mara mbili, nikampokea mzigo kama tulivyolelewa, naye akaniachia bila neno. Nikasimama njiani na ndizi za watu, nacheka peke yangu.

Jumatatu nilimngoja mzee mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Lete nikupokee."

Mzee akipokewa hakatai, akikataa, amekutukana. Akalivua blanketi kwa kulipitisha kichwani, fundo likiwa limefungwa vilevile, akanipa. Nikalitundika kwenye msumari niliokuwa nimeupigilia mwenyewe, kwenye nguzo iliyo karibu nami, ili nilione. Vijana wengine wakaiga, kila mmoja akampokea mzee wake. Wiki ile nilitembea kifua mbele, wala filimbi sikuigusa.

Ila mganga hajigangi. Nguzo ile ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye mkanda, na kiwanda chetu upande mmoja hakikuwa na ukuta. Siku ya sita upepo wa mlima uliingia, ukainua pindo la blanketi, mkanda ukalidaka. Lilizunguka likipigapiga, likachanika vipande vipande mbele ya macho yetu. Hapo ndipo nilipopuliza filimbi kwa mara ya kwanza, na injini ikazimwa.

Hakuna aliyecheka. Mimi mwangalizi wa usalama, msumari wangu mwenyewe, blanketi la mtu ambaye bado anafikiri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee aliinama akaokota kipande kimoja. Kilikuwa na lile fundo. Alilijaribu kwa vidole, akalijaribu kwa meno. Lilikuwa limekaza kama jiwe. Akaliweka begani, pale lilipokaa kila siku, halafu akaliondoa haraka.

"Nani aliupigilia ule msumari?"

"Mimi, mzee."

"Ung'oe. Kaupigilie nje."

"Ndiyo, mzee."

Alikwenda hatua chache, akarudi. "Na wazee wako waje Jumapili. Blanketi la mahari la baba mkwe wanalijua. Safari hii liwe zito."

Sikuwahi kufurahi vile tena, hata siku ya harusi yenyewe, maana siku hiyo viatu vilinibana. Wazee wangu walikwenda na blanketi zito kuliko yote waliyoweza kupata, na mambo yakaisha vizuri.

Jumatatu baada ya wazee kwenda, nilikuwa nimeinama kwenye injini, nimesahau saa. Nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Mzee alikuwa amesimama nje kwenye ukungu, anatetemeka, blanketi jipya amelikunja mikononi. Hakutaka kuingia nalo, wala hakutaka kulitundika mwenyewe.

"Mkwe," alisema, "leo umechelewa kunipokea."